Wamesema nimelishwa limbwata: jibu kwa mvuvi wa Ujiji

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa, naishi Ujiji na mke wangu na watoto wanne: wa kiume miaka 12, wa kike miaka 9, wa kike tena miaka 6, na kitinda mimba wa kiume miaka 3. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue mwaka 2024 nilikaa nyumbani miezi mitatu, mke wangu akawa ndiye anayetoka kuuza mawese sokoni. Nikajikuta nakoroga uji, naogesha, mdogo namfunga mgongoni kwa kanga mpaka anasinzia. Ziwa lilipofunguliwa nilirudi kazini, lakini yale mambo sikuyaacha. Sasa mama yangu mzazi amekuja kuishi nasi na hana amani. Anasema kulea ni kwa mama, baba kazi yake kutafuta na kutia adabu, na kwamba huyu mdogo anayenililia kila nikishuka ziwani atakuwa laini. Mwaloni, tunakoshushia samaki, wenzangu wanasema nimelishwa limbwata. Cha ajabu, mke wangu mwenyewe, anayefurahi mimi nikiogesha, hataki kijana wetu mkubwa aoshe vyombo wakati mdogo wake wa kike yupo. Je, kweli ipo kazi ya mama na kazi ya baba? Na huyu binti wa miaka 6, bado inafaa nimwogeshe mimi?

Jibu: Marahaba mwanangu.

Nianze na limbwata, maana hata kama umelitaja kwa kupita tu, naona ndilo linalokuwasha. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, Tabora kwanza halafu Kigoma, na hilo neno nimelisikia kwenye mashauri ya ndoa mara nyingi kuliko neno mahari. Limbwata lina dalili moja tu: mwanaume kuonekana akifanya kitu kwa ajili ya nyumba yake. Mwanaume anayenywea hela ya dagaa mpaka watoto wanalala njaa, sijawahi kusikia mtu akisema huyo kalishwa kitu. Basi wakikutania mwaloni, cheka nao. Ni watu ambao kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule walikuwa nyumbani kama wewe, na sitashangaa wawili watatu kati yao walikoroga uji pia, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa swali lenyewe. Kazi ya mama ambayo baba haiwezi ipo: kubeba mimba, kuzaa, kunyonyesha. Maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji, halafu aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Hapo baba hana chake zaidi ya kuhakikisha anayenyonyesha ameshiba na amelala. Mama anaanza na mtaji mwingine pia: mtoto anazaliwa anaijua sauti yake, maana ameisikia tangu tumboni. Baada ya hapo orodha ya kazi za mama imekwisha. Kuogesha, kulisha, kubembeleza, kuamka usiku akikohoa, kujua kiatu kipi kimeanza kumbana, kumpeleka kliniki, kumpangusa kamasi: hakuna hata moja inayodai ziwa, na hapa sisemi Tanganyika.

Mtoto mwenyewe anatuambia hivyo. Miaka ya 1970 mtafiti Michael Lamb aliwafuata watoto wachanga wa Marekani majumbani kwao, wenye umri wa kati ya miezi 7 na 13, akaangalia wanamwendea nani, wanataka kubebwa na nani. Baba na mama walikuwa sawa. Walipokua kidogo, wakishtuka na wazazi wote wapo, ndipo wakawa wanamkimbilia mama kwanza. Wakati huo vitabu vingi vya malezi viliandikwa kana kwamba mtoto hamwoni baba mpaka aanze shule.

Ninachokiona mimi nyumba kwa nyumba ni kwamba mlezi anatengenezwa na saa alizokaa na mtoto, awe mwanamke awe mwanaume. Binti aliyejifungua juzi mtoto wake wa kwanza anamshika kama sufuria ya moto. Anaogopa kumshika na anaogopa kumwachia. Baada ya mwezi mmoja anamgeuza kwa mkono mmoja huku mwingine unachochea kuni. Hakuna aliyemtia ujuzi huo kwenye damu. Ni usiku thelathini. Wewe ulipata siku kama tisini kwa mpigo, na ndiyo maana leo unajua mtoto wako anasinzia upande gani wa bega.

Wapo wawindaji wa msituni, Waaka, wanaoishi Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini ya Kongo. Mtafiti Barry Hewlett aliishi nao akawa anahesabu, saa kwa saa, nani yuko karibu na mtoto mchanga. Baba wa Kiaka alikutwa yuko umbali wa kunyoosha mkono asilimia 47 ya muda. Karibu nusu ya siku! Ukiuliza kwa nini, jibu liko kwenye kazi yao: wanawinda kwa nyavu, mume na mke pamoja, na mtoto yuko hapohapo. Nyavu kama zako, ila za nchi kavu. Wewe nyavu zako ziko mbali na pwani, usiku, kwenye giza la mwezi, na mtoto hawezi kuwepo. Baba wa Kiaka hakuzaliwa na moyo tofauti na wenzako wa mwaloni. Kazi yake haimtoi nyumbani.

Hapo ndipo nimfikie mama yako, ambaye sitaki umwone kama adui. Hasemi uongo. Anasema alichokiona. Kama ana miaka sitini na kitu, basi alizaliwa wakati wanaume wa mkoa huu walikuwa wakipanda treni kwenda kukata mkonge, Tanga na kwingineko, kama manamba. Kwa Waha lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mwanaume anaondoka kwa mkataba, anarudi siku nyingi baadaye na sanduku, blanketi, akibahatika cherehani, na watoto wanaambiwa msalimieni baba yenu. Nyuma zaidi, huko kwetu Unyamwezini, karne ya 19 vijana walikuwa wapagazi: pembe za ndovu begani kutoka Tabora mpaka pwani, miezi ya kwenda na miezi ya kurudi. Waliobaki na watoto ni mama, bibi na shangazi.

Halafu ikaja reli, ikafika Kigoma mwaka 1914, ikachukua wanaume kwa mtindo wake. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nilimfahamu kwa viatu. Nikiamka nikaviona mlangoni najua yupo, na tutakula tukiwa kimya. Nisipoviona, yuko njiani kwenda Mpanda, na mama ataturuhusu tuimbe. Tulimwogopa kwa sababu hatukumzoea, ni hivyo tu, lakini watu wazima walituambia hofu ile ndiyo heshima. Nilipokuwa na miaka kama kumi aliumia mguu akakaa nyumbani wiki sita. Siku moja akanisuka nywele, vibaya sana, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Nilikataa kufumua mpaka mama akanishika kwa nguvu. Mguu ukapona, viatu vikaondoka mlangoni, na hakuwahi kunisuka tena.

Kwa hiyo ubaba wa mbali ulianza kama ratiba ya kazi. Ratiba ikakaa vizazi vitatu, ikaitwa mila.

Na mila yenyewe ukiichimba utakuta mambo ambayo wanaoitaja hawayataji. Kwa Wanyamwezi wa zamani, mtoto wa mahusiano yasiyotolewa mahari alihesabiwa wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Hata nani aitwe baba halikuwa jambo la damu peke yake. Na huku kwetu kote babu na mjukuu wana utani. Bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu, babu anamwita wa kike mke wangu, wanagombania kiti, wanaibiana karanga. Mwanaume yuleyule aliyekuwa simba kwa mwanawe anatambaa sakafuni mjukuu akiwa mgongoni, na hakuna anayesema amelishwa kitu. Upole wa kiume ulikuwepo siku zote. Ulicheleweshwa kizazi kimoja. Muulize mama yako, taratibu, mkiwa mnachambua dagaa: babu, huyo baba yako mkali, mimi hakunibeba?

Muulize hivyo, usimpe hotuba. Mama hashindwi kwa hoja na mwanawe mbele ya mkamwana, na ukijaribu utamfanya ashikilie zaidi. Mpe kazi ambayo ni yake kweli: hadithi za usiku, majina ya ukoo, dawa ya kikohozi ya asali, kumsimulia mdogo baba yake alikuwaje akiwa na miaka 3. Bibi anayehama kwake akaja kwa mwanawe akakuta hata uji unakorogwa na mwanaume, jambo la kwanza analojiuliza ni kama yeye bado ana nafasi humo ndani. Mara nyingi maneno ya kulea ni kwa mama yana swali hilo ndani yake.

Kuhusu kuwa laini. Marekani mwaka 1951 watafiti waliwahoji akina mama wa watoto wa miaka 5 kuhusu wanavyolelewa nyumbani, wakaandika kila kitu, pamoja na baba anashiriki kiasi gani. Watoto hao wakatafutwa tena walipofika miaka 31, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Kilichotangulia vingine vyote katika kutabiri nani amekuwa mtu mwenye huruma kwa wenzake ni jinsi baba alivyoshiriki kumlea alipokuwa mdogo. Kama mama yako anaita huruma ulaini, basi ndiyo, ana haki ya kuogopa. Lakini kama anaogopa kijana asiyeweza kusimama kama mwanaume, tafiti nyingine zinakwenda kinyume naye: ukali wa baba au uanaume wake wa kujionyesha hautabiri uanaume wa mtoto. Kinachotabiri ni ukaribu wao. Mtoto anaiga mtu anayekubali asogelewe.

Kuna moja litakalowafurahisha wenzako wa mwaloni, nalo nikupe mapema ili lisikukute barabarani. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyofanyika hapahapa Tanzania, pande za Ziwa Eyasi, ya kupima kwenye mate homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Walipimwa Wahadzabe, ambao baba hubeba na kulala karibu na watoto wadogo, na Wadatoga, wafugaji, ambao baba hakai na wachanga. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti. Miaka miwili baadaye ikatoka nyingine ya Ufilipino, vijana zaidi ya 600 waliofuatwa karibu miaka 5: waliopata watoto kiwango kilishuka, na waliokaa na watoto saa 3 au zaidi kwa siku ndio waliokuwa chini kuliko wote.

Wenzako watapiga kelele: si tulisema! Waache wamalize, halafu waulize hao Wahadzabe watoto wao wamepatikanaje. Uwezo wa kuzaa uko palepale. Kilichobadilika ni mwili kupunguza ile homoni inayomsukuma mwanaume kwenye ushindani na kutafuta wenza, kwa sababu sasa kuna mtu mdogo wa kuangaliwa. Mimi naisoma hivi: kama kulea isingekuwa kazi ya kiume, mwili wa kiume usingekuwa na maandalizi yake.

Nikiwa kwenye mambo ya mwili, nikupeleke Gombe, kilomita kama 16 tu kaskazini ya mji wenu, boti zinaondoka Kibirizi. Sokwe dume halei. Mama ndiye anayebeba, ananyonyesha, anafundisha kuchokoa mchwa kwa kijiti, na dume hata hajulikani kama anamtambua mwanawe. Kuna watu wanapenda kutuletea mfano huo kama ushahidi wa maumbile. Sawa, lakini wasimulie yote. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliua sokwe kadhaa pale, ukamwacha yatima mtoto wa miaka 3 aliyeitwa Mel. Aliyemchukua alikuwa Spindle, dume kijana wa miaka kama 12, asiye ndugu yake, naye akiwa amefiwa na mama katika ugonjwa uleule. Alimbeba mgongoni, akalala naye kiota kimoja, akamgawia chakula, akamwondoa mbele ya madume wakubwa walipochafuka. Mel akapona. Sokwe si mwalimu wa ndoa za Ujiji, naliweka hapa kwa sababu tu limetokea jirani yenu na watu wa Kigoma wengi hawajalisikia.

Utasikia pia kwamba kazi maalumu ya baba ni michezo ya nguvu, kumrusha mtoto juu na kumkimbiza, na mama ni wa kubembeleza. Kwa Wamarekani ilionekana hivyo. Kwa Waswidi haikuonekana, kwa Waaka haikuonekana. Ukipenda kumrusha, mrushe, usijilazimishe.

Huyo mdogo anayekulilia jioni hana tatizo. Miaka 3 ndiyo umri wa kulilia mtu unayempenda akiondoka. Kosa ambalo wavuvi wengi mnalifanya ni kumtoroka: anapelekwa nyuma kuangalia kuku, akirudi baba hayupo. Siku ya tatu mtoto hakubali tena kwenda kuangalia kuku, anakung'ang'ania miguu tangu saa tisa alasiri. Muage, mwonyeshe taa unayobeba, mwambie utarudi jua likitoka na utamletea dagaa mmoja mkubwa wa kwake peke yake. Atalia. Mwachie bibi yake ambembeleze, na hapo mama yako atakuwa amepata nafasi yake bila mtu kumpa hotuba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko limbwata na ulaini vikiunganishwa: hiyo kazi ya baba ya kutia adabu. Najua inavyokwenda. Mchana mtoto amekosea, mama amechoka, anasema ngoja baba yako arudi. Baba anarudi na uchovu wake, hajui kilichotokea, anakabidhiwa mashtaka na fimbo. Kosa lenyewe mtoto ameshalisahau. Anachojifunza ni kwamba mlango ukifunguliwa, hatari imeingia. Niliwahi kutembelea nyumba moja, sitasema wapi, mtoto wa miaka 7 akajikojolea aliposikia baiskeli ya baba yake ikiegemezwa ukutani. Nilimhoji yule baba kwa muda mrefu na nikamwamini: alikuwa hajamgusa mtoto mwezi mzima. Alikuwa anatajwa tu. Mama alikuwa akimtumia kama watu wanavyotumia zimwi, kila siku, mara tano sita. Baba alilia pale kibarazani, mtu mzima, kwa sababu alikuwa akidhani mwanawe hampendi tu kwa tabia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kutesa na kudhalilisha, na adhabu isiyolingana na umri wa mtoto. Lakini hata kabla ya sheria, mkubaliane na mke wako kanuni moja: aliyeliona kosa ndiye anayelishughulikia, palepale, na likiisha limeisha. Mama ana mamlaka kamili. Akisubiri mamlaka ya kuazima kutoka kwako anawafundisha watoto kwamba neno lake halitoshi. Na huyo binti wa miaka 9 anasikiliza, anajifunza neno lake litakuja kuwa na uzito gani kwake.

Vyombo, basi. Usimkasirikie mke wako. Mwanaume akiogesha mtoto, majirani wanasema mke kamloga, na lawama inakuja kwake. Kijana wa kiume akionekana uani na beseni la masufuria huku binti yupo, lawama inakuja kwake tena: mama gani huyu, hafundishi binti. Wewe unataniwa, yeye anahukumiwa. Mwanamke analinda mpaka huo kwa sababu ndiye anayepigwa faini ukivukwa. Nimewahi kuwasikia akina mama wakimsema mwenzao kisimani kwa jambo hilohilo, na aliyeongoza alikuwa na watoto wa kiume wanne waliokuwa wakimpikia kila siku, mlango umefungwa.

Ila mwonyeshe habari ya Oyugis. Ni mji wa Waluo, magharibi mwa Kenya. Mtafiti Carol Ember alikaa huko akawachunguza wavulana ambao, kwa kuwa nyumbani hakuna dada wa umri unaofaa, walipewa kazi za kike: kuchota maji, kupika, kubeba mtoto. Kazi yake ikatoka mwaka 1973. Wavulana waliofanya nyingi za kazi hizo walikuwa wapole kuliko wenzao, hawakuwa wagomvi wala wababe, na hiyo ilikuwa hata nje ya saa za kazi, wanapocheza. Waliofanya kazi za ndani ya nyumba ndio tofauti yao ilikuwa kubwa zaidi. Tena watu hawa hawakusomeshwa semina yoyote ya jinsia. Ni upungufu wa dada tu.

Halafu hesabuni saa. Kaeni siku moja na karatasi mwandike binti wa miaka 9 anafanya nini kuanzia atoke shule mpaka alale, na kaka yake wa miaka 12 anafanya nini. Nimewafanyisha wazazi wengi zoezi hili na sijalazimika kusema neno, karatasi inasema. Karibuni binti atakuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na daftari halisomeki ukiwa na mikono ya masizi. Si lazima kijana aoshe uani kama mama yake anaona haya. Aanze ndani, aanze na sahani yake na za wadogo zake. Na wewe uoshe naye siku za mbalamwezi, maana wavuvi mwezi ukiwaka hamna kazi. Kijana wa miaka 12 hataosha vyombo kwa sababu ameambiwa na mama wakati baba anatazama mpira.

Yapo mambo mengine ambayo hayako mikononi mwako. Lugha yetu inamwita mzazi mtu yeyote aliyezaa, baba au mama, lakini nenda hospitali utafute wodi ya wazazi, mara nyingi mzazi wa kiume ndiye asiyeruhusiwa kuingia. Kliniki wanamhudumia kwanza mama aliyekuja na mwenza, nia ni nzuri, matokeo yake wasio na mwenza wanakaa nyuma ya foleni au wanamwomba bodaboda awasindikize kama mume. Nimeshuhudia kituo kimoja baba amekuja na mtoto wa miezi 10 kwa chanjo, kadi mkononi, akarudishwa aende akamlete mama. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha, na baba siku 3. Mvuvi hana hata hizo 3. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaja mwanaume kuwa mwenye wajibu wa kuwapa watoto chakula, mavazi, makazi na elimu. Mama anaingia pale baba akifa, akipotea au akishindwa. Unaona, mama yako hakuyatunga peke yake.

Kwa hiyo ukisikia serikali ikizungumzia malezi yenye mwitikio, kama ilivyo kwenye programu jumuishi ya taifa ya malezi ya watoto wa miaka 0 hadi 8 iliyoanza mwaka 2021, ujue maana yake ni hicho unachokifanya: mtoto anaita, mtu mzima anaitika. Mtu mzima yeyote.

Nimalizie na binti wa miaka 6. Umefanya vizuri kuuliza, na nitakujibu bila kuzunguka. Umri huo anatosha kujiogesha mwenyewe, na sababu si kwamba wewe ni mwanaume. Hata mama yake aanze kumwachia. Kinga kubwa ya mtoto ni kujua kwamba mwili ni wake, sehemu zake za siri anazigusa yeye anapojisafisha, na mtu mwingine hazigusi isipokuwa akiwa mgonjwa na mama, baba au bibi yupo na anajua. Maneno hayo ayasikie kutoka kwako pia, kwa sauti ya kawaida, kwa majina ya kawaida. Baba anayeweza kuyasema binti akiwa na miaka 6 ndiye atakayefuatwa na binti huyo akiwa na miaka 13 akihitaji hela ya pedi na mama yuko safarini. Wengi tunayakimbia, halafu tunashangaa kwa nini hatukuambiwa.

Usimwachie ghafla, atadhani amekosea nini. Wiki hii mpe sabuni na dodoki ashike mwenyewe, wewe kaa nje ya mlango wa bafu kwenye kigoda, mhesabie kwa sauti: uso, shingo, kwapa, tumbo, magoti, katikati ya vidole vya miguu. Akimaliza ajifunge kanga yake atoke, umkague masikio tu. Nyuma ya masikio. Wote husahau hapo, na akiwa amesahau mrudishe.